Jiko Lililowaka Bila Moshi

Tulipohamia Kibera mtoto wetu wa kwanza alikuwa na miezi minne. Mume wangu alikuwa seremala katika karakana moja ya vitanda na makabati huko Kawangware, na chumba tulichopata kilikuwa nyuma ya nyumba ya mama mmoja Mnubi, mjane, ambaye babu yake alikuwa askari wa Mwingereza na akapewa pale mahali akae. Wajukuu zake walimwita Haboba, yaani nyanya kwa lugha yao. Kabla ya mwezi kwisha nami nilikuwa nikimwita hivyo hivyo. Hiyo ilikuwa miaka ya sabini, karibu na mwisho wake.

Haboba hakupikia kuni wala makaa. Alipikia unga wa mbao, ule unaomwagika chini ya msumeno. Alikuwa na madebe mawili yaliyokatwa mdomo, kila moja likiwa na tundu ubavuni, chini kabisa. Alisimamisha chupa ndefu katikati ya debe, akapenyeza kijiti kinene kwenye tundu mpaka kikagusa chupa, halafu akamimina unga kuizunguka, akiushindilia kwa ngumi kidogo kidogo mpaka debe likajaa. Kisha aliizungusha chupa na kuichomoa, akavuta na kijiti, debe likabaki na njia: hewa iingie chini, ipande katikati, itokee juu. Karatasi yenye mafuta ya taa ikapitishwa kwenye tundu, ikawashwa. Basi. Maharagwe yalitengwa motoni saa mbili asubuhi, na saa saba mchana moto ulikuwa ungalipo bila kuguswa.

Mimi nilifanya vile vile, nikapata moshi. Moshi mzito, mweupe, uliojaa jikoni hadi kuku wakatoka. Jiko lenyewe lilikuwa kibanda cha mabati nje uani, tukilitumia sote.

"Umeshindilia sana," Haboba akaniambia. "Umeunyima pumzi."

Kesho yake sikushindilia. Mwali ukapanda juu ya debe mpaka ukalamba sufuria yote, nikafurahi. Kabla maji hayajachemka, kuta za unga zikaporomoka ndani na moto ukafa.

"Leo umeulegeza. Umeanguka njiani."

"Sasa nishindilie au nisishindilie?"

"Shindilia," akasema, "lakini usiuzibe."

Nilimtazama nione kama ananicheka. Hakuwa ananicheka. Aliamini kwamba amenieleza kila kitu. Nilirudi chumbani nikiwa na mtoto mgongoni na masizi puani, nikijiuliza mimi ni mwanamke wa namna gani ninayeshindwa na debe. Kwetu nilikuwa nimepikia kuni tangu nikiwa na miaka saba. Kuni hukuambia shida yake: ikiwa mbichi unaiona, ikiwa imekauka unaisikia. Huu unga ulikuwa kimya. Tulichota katika gunia moja, yeye na mimi, tukawasha kwa kiberiti kimoja, madebe yakikaa sako kwa bako, na lake likawaka huku langu likilia moshi. Nilibadilisha madebe, nikachukua lake. Debe lake likanifukizia moshi vile vile, na langu likamtii.

Kuna asubuhi moja moto ulikuwa umezimika, au ndivyo nilivyoona. Mwali haukuwepo, moshi tu uliokuwa unajikunja juu ya debe. Niliinama na waya nikachokonoa tundu la chini. Kulisikika mlio, bup, kama mtu amepiga mto kwa kiganja, na moto ukaruka kutoka juu hadi usoni mwangu, ukarudi ndani. Nyusi zangu zote mbili zilikwenda, na nywele za mbele. Haboba alicheka, kisha akauona uso wangu akaacha kucheka, akanimwagia maji ya mtungini.

"Ulikuwa umezimika!" nikasema.

"Haukuzimika. Ulikuwa unangoja hewa."

"Moto unangojaje?"

Akainua mabega. Yeye alijua tu.

Jioni mume wangu alipaona pale palipokuwa na nyusi, akacheka naye, lakini baadaye akakaa akifikiri. Alikuwa mtu asiyeweza kuacha kitu kibovu bila kukifungua. Alisema kosa haliko kwangu, liko kwenye unga. Magunia aliyoleta kutoka karakana yalikuwa na mchanganyiko: kuna unga wa mvule, mzito na laini, kuna wa saipresi, wenye mafuta yake. Na mengine alikuwa ameyapata kwa mafundi waliokuwa wakijenga nyumba kule Ayany, na hayo yalikuwa na unyevu na mchanga ndani. "Unapika na vitu vitatu tofauti ukidhani ni kimoja," akaniambia. Nilihisi nafuu kubwa kuambiwa hivyo, ingawa nilibaki na swali: mbona Haboba aliweza na gunia lile lile?

Mume wangu akatengeneza mchanganyiko wake mwenyewe. Alichekecha unga, akaukausha juani siku mbili juu ya mabati, akauchanganya na chenga za makaa zilizosagwa, bakuli moja la chenga kwa mawili ya unga. Aliushindilia mwenyewe, Jumapili, mikono ikiwa myeusi hadi viwikoni. Ulipokwisha kuwaka vizuri haukuwa na moshi hata kidogo. Ukichungulia kutoka juu uliona njia yote nyekundu, tulivu, kutoka chini hadi mdomoni. Nilipika githeri, mahindi na maharagwe, siku ile na macho yangu hayakutoa chozi.

"Unaona?" mume wangu akasema.

Haboba alikuja, akainama, akanusa. "Moto huu siujui," akasema. "Kaeni nao nje."

Tulidhani ana wivu kidogo.

Siku ya mkasa wenyewe ilikuwa katika mvua za masika. Mtoto alikuwa na miezi minane wakati huo, na alikuwa ameanza kukaa bila kuegemezwa. Mume wangu aliondoka mapema kwenda Kawangware. Haboba naye aliondoka asubuhi kwenda kwenye matanga kwa ndugu zake upande wa pili wa reli, amejifunga shuka nyeupe na mwavuli mkononi. Kulikuwa na manyunyu tayari. Nakumbuka aliniambia kitu akiwa mlangoni, na sikumbuki ni nini.

Niliwasha jiko kwenye kibanda nje, nikatenga maharagwe. Kufika karibu saa sita mvua ikaja na upepo. Bati moja la kibanda likaanza kupigapiga, maji yakamwagikia kifuniko cha sufuria. Nilichungulia debe. Jekundu, tulivu, bila moshi. Nikafikiri, na hili nimelifikiria tena mara nyingi tangu siku hiyo, kwamba kinachoumiza watu ni moshi, na hapa moshi haupo. Nikashika debe kwa matambara mawili nikaliingiza chumbani, kisha nikafuata sufuria.

Maji yalikuwa yakipita chini ya mlango. Nilikunja gunia nikalisokomeza pale kwa mguu. Dirisha lilikuwa la mbao, nikalifunga. Chumba kikapata joto zuri. Mtoto alikuwa kitandani akicheza na kifuniko cha mkebe, nami nikaketi kwenye kigoda karibu na sufuria, nikikunja nguo zilizokuwa zimekauka jana yake.

Kichwa kilianza kuniuma kwenye paji. Nikasema ni njaa. Kisha nikaona kwamba shati ninalokunja nimeshalikunja. Nikalikunjua ili nilikunje sawasawa. Nikakuta ni lile lile tena. Jambo hilo halikunitia hofu, lilinichosha tu. Nilisikia Haboba akiniita kutoka nje, nikamjibu, nikainuka, nikafungua mlango, nikaona ua na mvua na kuku waliojibanza ukutani. Baridi ilinipiga usoni. Halafu nikajikuta bado nimekaa kwenye kigoda na mlango umefungwa. Nikainuka tena, nikafungua tena. Sijui nilifungua mlango ule mara ngapi. Sikuufungua hata mara moja.

Kulikuwa na wakati nilijua kwamba kifuniko cha mkebe hakilii tena. Nilijua, kama unavyojua jambo la mtu mwingine. Nilisema moyoni, amelala. Nikataka kugeuza kichwa nimwangalie, na kichwa hakikugeuka.

Yaliyofuata niliyasikia kwa majirani. Matanga yalikatizwa na mvua, njia ya reli ikawa tope, na Haboba akaamua kurudi kabla haijawa mbaya zaidi. Alibisha mlango wangu anipe mkate wa gurusa aliofungiwa kule. Aliposikia kimya akasukuma, gunia likazuia, akasukuma kwa bega. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye magoti mabovu. Alimtoa mtoto kwanza, akamweka chini ya shuka yake, kisha akanivuta mimi kwa kwapa hadi uani. Mtoto alikuwa amelegea. Haboba akampulizia mdomoni, akampiga nyayo, akampulizia tena, mvua ikiwanyeshea wote wawili, mpaka akakohoa na kutoa sauti ndogo. Wanasema mimi nilikuwa macho wazi muda huo wote, nikiwaambia waangalie maharagwe yasiungue.

Jirani alikuwa na pikapu ya kubebea mboga. Tulipelekwa hospitali, tukawekewa hewa ya mtungi, mimi na mtoto, kitanda kimoja. Daktari alikuwa kijana mpole.

"Jiko lilikuwa na moshi?" akauliza.

"Hapana," nikasema. "Hata kidogo."

"Basi ndiyo maana."

Nilimwomba aseme tena. Alisema makaa na unga ulioungua nusu hutoa hewa isiyo na harufu wala rangi, na kwamba jiko likiwa nje hewa hiyo hutawanyika, lakini ndani ya chumba kilichofungwa hata hewa ya kuupa moto uhai ilikuwa imekwisha, kwa hiyo moto ukazidi kuitoa ile mbaya. Nilimsikiliza kwa heshima. Kichwani nilikuwa nikijiambia kwamba daktari hajaelewa, kwa sababu moto wenye moshi ndio ulioungua nusu, na wangu ulikuwa umeungua vizuri kabisa.

Mume wangu alifika akiwa na unga wa mbao kwenye nywele. Alimshika mtoto mguu, akanishika mimi mkono, kisha akauliza swali nililokuwa nikilingoja.

"Nani aliingiza jiko ndani?"

Nilifungua mdomo. Haboba alikuwa kwenye benchi ukutani, nguo zake hazijakauka.

"Ni mimi, mwanangu," akasema. "Mvua ilikuwa inakuja. Nikawaonea huruma na baridi. Nikaliingiza kabla sijatoka."

Mume wangu akaniachia mkono. "Mama mzima kama wewe," akasema taratibu. "Wewe uliyetuambia tukae nao nje."

"Ndiyo."

"Na mlango ukaufunga?"

"Nikaurudisha tu."

Hakumtukana. Ningependa angemtukana, labda ningesema. Aligeuka akampa kisogo, na Haboba akaendelea kutazama ukuta. Mimi nilinyamaza. Naweza kusema kichwa kilikuwa bado kinauma, na kweli kilikuwa kinauma, lakini kesho yake hakikuuma na nilinyamaza vile vile, na kesho kutwa.

Tuliporudi nyumbani nilingoja mume wangu aende kazini, nikamfuata Haboba jikoni.

"Mbona ulisema vile hospitalini?"

"Nilisema nini?"

"Kwamba ni wewe uliyeingiza jiko."

Akaendelea kupepeta unga wa gurusa. "Si ni mimi?"

"Haboba. Ulikuwa matangani."

"Niliingiza asubuhi, kabla sijatoka. Ulikuwa unamnyonyesha mtoto. Umesahau. Ile hewa husahaulisha."

Uso wake haukuwa na chochote ndani yake, si mzaha wala huruma. Nilisimama pale nikitafuta asubuhi ile kichwani mwangu. Nilipata manyunyu, shuka nyeupe, mwavuli. Nilipata yale maneno aliyoniambia mlangoni, yasiyo na sauti. Matambara mawili mikononi niliyapata pia, joto lake kabisa. Lakini hata kufungua mlango nilikupata hivyo hivyo, baridi usoni na kuku ukutani, na hilo halikutokea.

Labda aliniona nimepotea, kwa sababu aliweka ungo chini akaniambia nilete debe. Akajaza unga wa kawaida, akaushindilia, akauwasha, na ulipokolea akaziba tundu la chini kwa tope. Mwali ukafa. Moshi mweupe ukapanda. Akawasha njiti ya kiberiti, akaipeleka si kwenye unga bali juu, katikati ya moshi, mahali pasipo na kitu. Moshi ukashika moto. Mwali ukasimama hewani juu ya debe, umeachana na unga kwa kiasi cha kiganja.

Nilirudi nyuma nikagonga mlango.

"Unga hauungui," akasema. "Joto linaukamua, unatoa pumzi. Pumzi ndiyo inayoungua, ikikutana na hewa. Ukishindilia sana, joto haliingii. Ukiulegeza, unatoa pumzi nyingi kuliko hewa inayopita. Ukiuziba, pumzi inatoka mbichi inazungukazunguka, inangoja. Ndiyo iliyokuchoma nyusi."

"Na ule wa baba mtoto? Ule hauna moshi."

"Ule ni makaa. Moshi wa unga unakufukuza mwenyewe, unakutoa machozi unatoka nje. Ule wa makaa haukuambii kitu." Kisha akasema, "Sikujua kueleza siku ile. Nilijua tu siupendi."

Ndiyo mara ya pekee niliyomsikia akijilaumu, na sikujua anajilaumu kwa lipi: kwa kutokueleza, au kwa lile la kuingiza jiko alilodai ni lake.

Mume wangu alivunja debe letu kwa nyundo. Kisha akatafuta chumba Kawangware, karibu na karakana, kwa mwenye ploti mmoja aliyekuwa na nyumba za mawe, na mwezi haukuisha tukahama. Alisema hawezi kulala chini ya paa la mtu aliyekaribia kumuua mwanawe. Siku ya kuhama, mkokoteni ukiwa umepakiwa, Haboba alitoka akamkabidhi mtoto kofia ndogo aliyoifuma. Mume wangu alisema asante bila kumwangalia. Mimi nilimkumbatia nikamwambia sikioni, "Nitamwambia." Akanisukuma taratibu. "Utamwambia nini?" akasema. "Nendeni, mvua inakuja."

Nilimtembelea, lakini si mara nyingi kama nilivyojiahidi. Kila mara alinipikia, kila mara aliuliza habari za mtoto, na kila mara nilisema mzima. Sikumwambia kwamba mtoto alichelewa kusema. Alifika miaka mitatu akiwa na maneno manne, na kila usiku nilimhesabia. Nilipeleka swali kliniki, wakasema watoto hutofautiana. Majirani wakasema mjomba wake naye alichelewa. Alipoanza, alianza kwa sentensi nzima, na leo anasema kuliko sisi sote, lakini ile miaka mitatu sikujua kama ninamtazama mtoto anayekawia au ninatazama nilichomfanyia. Hadi leo sijui.

Haboba alifariki miaka kadhaa baada ya sisi kuhama. Nilikwenda mazishini, mume wangu hakwenda. Jioni ile nilirudi Kawangware nikamkuta anapaka gundi mguu wa kiti. Nikaketi mbele yake nikamwambia yote: upepo, bati, matambara mawili, gunia nililolisokomeza kwa mguu. Nikamwambia Haboba alidanganya ili kunifunika, na mimi nikamwacha abebe.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akafuta gundi kwenye vidole.

"Una roho nzuri," akasema. "Umetoka kumzika, hutaki azikwe na lawama. Nakuelewa."

"Sikudanganyi. Ni mimi."

"Wewe siku ile hukujua hata jina lako. Uliniambia mwenyewe ulifungua mlango mara kumi." Akaunyanyua mguu wa kiti akautazama kama umenyooka. "Mimi nimeshamsamehe yule mama. Nimemsamehe zamani. Usijisumbue."

Nilimwambia tena. Nilimwambia kwamba gunia lilikuwa ndani, limesokomezwa kutoka ndani, na mtu anayeondoka hawezi kusokomeza gunia kutoka ndani. Alifikiri juu ya hilo, nikaona anafikiri, kama anavyofikiri juu ya mbao iliyopinda.

"Labda gunia ni wewe," akasema hatimaye. "Na jiko ni yeye."

Kisha akaomba chai. Nilikwenda kuibandika. Nilisimama mbele ya jiko la mafuta ya taa nimeshika kiberiti, nikijaribu kuyahisi tena yale matambara mikononi. Nilipata moja. La pili halikuja, na nikabaki nimesimama hapo mpaka akaniuliza kutoka kule kama maji yamechemka.